Mwalimu alikuwa na miaka 39: hesabu ya umri wa makamo na kasoro zake

Tarehe 9 Desemba, siku ya uhuru wa Tanganyika, ni sikukuu, na nyumbani kwetu sikukuu maana yake ni televisheni kuwashwa tangu asubuhi. Mwaka mmoja wa karibuni zilikuwa zikionyeshwa zile picha za zamani ambazo kila Mtanzania anazijua: bendera moja inashuka, nyingine inapanda, na Mwalimu Julius Nyerere amebebwa mabegani na umati. Mimi nilikuwa nimetoka kugombana na fundi bomba, aliyeondoka na pesa yake huku bomba la jikoni likiendelea kudondosha maji kwenye ndoo, kwa hiyo sikuwa na moyo wa kusherehekea. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la sita, alifungua daftari lake, akatoa 1922 kwenye 1961. "Baba, Mwalimu alikuwa na miaka thelathini na tisa." Akakaa kimya kidogo. "Na wewe una mingapi?" Nilikuwa na 44.

Hesabu ile ilikuwa sahihi, na ndiyo maana ilichoma. Kutoa mwaka wa kuzaliwa wa mtu mashuhuri kwenye mwaka wa tendo lake kubwa, kisha kuweka umri wetu pembeni ya jibu, ni zoezi linalofanywa na watu wengi walioingia umri wa makamo, ingawa wachache hukiri. Mwenye miaka 30 hulifanya kwa matumaini, kwa sababu bado anaona muda mbele yake. Mwenye 45 hulifanya kama mtu anayekagua deni lililoiva. Nimeona inafaa kulifungua zoezi lenyewe polepole, kwa kuwa ndani ya ile namba moja, 39, kumefungwa mambo ambayo hayafanani kabisa.

Zoezi hili ni la kale. Julius Caesar, akiwa ofisa wa Roma huko Hispania mnamo mwaka 69 kabla ya Kristo, alisimama mbele ya sanamu ya Alexander Mkuu katika mji wa Gades, ambao leo unaitwa Cádiz, akasononeka kwamba katika umri ambao Alexander alikuwa ameshaiteka dunia, yeye hajafanya lolote la kukumbukwa. Hivyo ndivyo anavyosimulia Suetonius, mwandishi wa Roma. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasema Caesar alikuwa akisoma habari za Alexander, na kwamba alilia mbele ya rafiki zake. Alikuwa na miaka 31 hivi kwa hesabu ya Suetonius. Kisa hiki hupendwa kwa sababu tunajua kilichofuata, hadi jina la mtu huyo likageuka neno la cheo hata katika Kiswahili chetu, Kaisari, na msomaji huondoka akiamini kwamba machozi yale ndiyo yaliyozaa ushindi. Maofisa wengine wa Roma waliosononeka mbele ya sanamu ileile, kisha wakarudi kwao kuzeeka na mashamba yao, hawakupata mwandishi.

Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba Caesar alijipima kwa kipimo kisichomhusu. Alexander alikuwa mwana wa mfalme, akarithi kiti akiwa na miaka 20, na pamoja na kiti alirithi jeshi ambalo baba yake, Philip wa Masedonia, alikuwa amelisuka kwa zaidi ya miaka 20. Roma haikuwa na mfalme, na sheria yake iliweka umri wa chini kwa kila cheo: miaka 30 kwa cheo kile alichokuwa nacho Caesar, na 42 kwa cheo cha konsuli kilichokuwa juu ya vyote. Kwa maneno mengine, siku ile alipokuwa akijililia, alikuwa mahali hasa ambapo sheria ya nchi yake ilimruhusu mtu wa umri wake kuwa. Alikuwa akimwonea wivu mtu aliyeanzia mlango mwingine, katika nyumba nyingine.

Hapo ndipo niliporudi kwa Mwalimu. Miaka 39 ile haikujengwa na kipaji peke yake, ingawa kipaji kilikuwepo na sina nia ya kukipunguza. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa chifu Burito wa Wazanaki. Alianza shule Musoma akiwa na miaka 12, akapita Tabora na Makerere, na kati ya 1949 na 1952 alisoma Edinburgh, akiwa miongoni mwa Watanganyika wa mwanzo kabisa kupata shahada Uingereza. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 alikuwa mwalimu wa Pugu mwenye miaka 32. Yote hayo yalikutana na kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukitengeneza kwa juhudi binafsi: ukoloni ulikuwa unakata roho. Nafasi ya kuiongoza Tanganyika kuingia katika uhuru ilifunguka mara moja, ikajazwa, ikafungwa, na haitafunguka tena hata kwa mtu mwenye akili mara mbili ya zile.

Ukiangalia jirani zetu wa wakati ule, unaona jambo hilohilo. Tom Mboya wa Kenya aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima huko Accra, Desemba 1958, akiwa na miaka 28. Patrice Lumumba alikuwa waziri mkuu wa Kongo mwezi Juni 1960, siku chache kabla ya kutimiza miaka 35. Ujana wao hushangaza leo, lakini wakoloni walikuwa wamesomesha watu wachache mno, na wachache hao walitwikwa nchi nzima kabla ya mvi. Mtoto aliyezaliwa miaka ya 1980 alikuta foleni: wasomi wapo, viti vimekaliwa, na waliovikalia hawana haraka ya kunyanyuka. Tena hesabu hii ina upande wa pili ambao huwa hatuusomi. Lumumba aliuawa Januari 1961 akiwa na miaka 35, na Mboya alipigwa risasi Nairobi Julai 1969 akiwa na 38. Anayeutamani umri wao wa kufika achukue pia na umri wao wa kuondoka.

Kasoro ya pili iko katika orodha yenyewe tunayojipimia. Cicero, mwandishi wa Roma, anasimulia habari za Diagoras wa Melos, mtu aliyekuwa na sifa ya kutoamini miungu. Rafiki yake alimwonyesha picha zilizotundikwa na mabaharia walioomba wakati wa dhoruba wakaokoka, akamuuliza kama huo si ushahidi. Diagoras akajibu, kwa maana yake, kwamba wale waliozama hawakuchorwa popote. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa hoja hii, maana habari zote za bahari tunazozisikia barazani zimeletwa na waliorudi. Majina ya watu mashuhuri nayo yametufikia kwa njia hiyohiyo, na tunaposema "katika umri wangu fulani alikuwa tayari", huwa tumeshasahau kwamba huyo fulani tumempata kwa kuchagua mmoja kutoka katika mamilioni, tena baada ya matokeo kujulikana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Rais alikuwa mmoja.

Kasoro ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote, nayo inahusu namna wasifu unavyotumia muda. Mwandishi wa wasifu anaanza kazi akiwa ameshajua mwisho, kwa hiyo kila mwaka anaouandika huwa tayari umeelekea huko. Mtoto aliyeuza vyungu anauza vyungu "kabla ya kuwa" mwimbaji. Mwalimu anafundisha "kabla ya kuwa" rais. Lakini aliyekuwa akiishi mwaka ule hakuwa na hilo "kabla". Alikuwa na mwaka wenyewe tu, na kodi ya mwezi. Sisi tunaojilinganisha naye tunachukua maisha yetu, ambayo tunayajua kwa ndani pamoja na uvivu wake na mashaka yake, tunayaweka mbele ya maisha yake yaliyokwisha kupangwa na mtu mwingine.

Basi tufanye jambo ambalo wasifu hauruhusu. Tuisimamishe saa kwenye 44, tukate kila kilichokuja baadaye.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi, na alitembea hadi mjini kuuza vyungu. Alihamia mjini karibu na mwaka 1911. Tukisimama mwaka 1924 au hivi, tunamkuta mwanamke mwenye sauti inayosifiwa Unguja, mwenye wenzake wa kupiga naye ala, na asiye na santuri hata moja. Santuri zilikuja mwaka 1928, alipokwenda Bombay kurekodiwa akiwa na miaka 48 kwa makadirio, na hapo ndipo sauti yake ilipovuka bahari na kuingia bara. Mwaka 1924 hakuna aliyejua kwamba kutakuwa na 1928, yeye akiwa wa kwanza kutojua.

Shaaban Robert, ambaye baadaye aliandika wasifu wa Siti huyohuyo, alitimiza miaka 44 mwanzoni mwa 1953. Tunamkuta Tanga, mtumishi wa serikali ya kikoloni, mtu wa ofisi. Kusadikika kilikuwa kimetoka miaka miwili nyuma, na bado alikuwa na miaka kadhaa ya kuripoti kazini asubuhi kabla ya kustaafu. Alifariki Juni 1962 akiwa na miaka 53, na baadhi ya kazi zake zilichapishwa akiwa kaburini. Sehemu ya pili ya maisha aliyojiandikia mwenyewe aliipa jina la Baada ya Miaka Hamsini, kama mtu anayejua kwamba kuna jambo limevuka mstari, na mimi huwa nalisoma jina hilo kwa heshima, kwa sababu halikusema baada ya mafanikio wala baada ya umaarufu. Lilisema miaka.

Wangari Maathai hatuhitaji hata kumfikisha 44. Mwaka 1982, mwaka aliotimiza miaka 42, aliacha kazi yake Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Akaenguliwa, na alipotaka kurudi kazini mlango ulikuwa umefungwa, na nyumba ya chuo ikabidi aihame. Ndoa yake ilikuwa imeshavunjika. Kilichombakia ni Green Belt Movement, kazi ya kupanda miti aliyoianzisha mwaka 1977, ambayo wakati ule watu wengi wenye madaraka waliiona kama shughuli ya kina mama. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuwa bado miaka 22 mbele. Kama kuna mtu aliyemtembelea mwezi ule akampima kwa kipimo cha kawaida cha kazi, nyumba na ndoa, alimwandikia sifuri mara tatu.

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar Desemba 1948 na kufika Uingereza miaka michache baada ya Mapinduzi, alianza kuandika akiwa na miaka 21. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akiwa na 38. Hesabu tena: miaka 17 ya kuandika bila kitabu. Akiwa na 44 alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kent, mwenye riwaya tatu ambazo hazikuwa zimemfanya mtu wa kusimamishwa barabarani. Paradise ilitoka mwaka 1994, akiwa na 45. Simu ya kumpa habari za Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilimkuta mwaka 2021, akiwa na miaka 72 na ameshastaafu, na kwa maelezo yake mwenyewe alidhani kuna mtu anamfanyia mzaha. Tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, iliyopewa jina la Peponi, ilikuja baada ya tuzo.

Makala nyingi za kufariji zingeishia hapa: usijali, hata Gurnah alichelewa. Nakiri nami nimewahi kujiliwaza hivyo, lakini ni hila ileile imegeuzwa upande. Orodha ya waliochelewa nayo imechujwa na chujio lilelile la Diagoras. Waimbaji wa Ng'ambo, mtaa wa mji wa Unguja, mwaka 1924 walikuwa wengi, na wengi wao hawakupelekwa Bombay. Wahadhiri wenye riwaya tatu zisizojulikana wapo katika kila chuo, na simu haiwaiti. Kusema "bado nina muda" kwa kumtazama Siti hakuna ushahidi zaidi ya kusema "nimechelewa" kwa kumtazama Mwalimu. Kiswahili chenyewe hakitusaidii kuamua, maana kinatuonya kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako, kisha kinatugeukia na kutuambia kutangulia si kufika, na kila mmoja wetu huchagua methali kwa kutazama tarehe yake ya kuzaliwa.

Kinachosaidia kidogo ni kuuliza kazi inayopimwa ni ya namna gani, kwa sababu umri hauzungumzi lugha moja katika kazi zote. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiwa na miaka 20. Hapo mwili ndio unaoamua, na mtu wa makamo anayejipima na Bayi anapima mapafu tu. Biashara ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia kumbukumbu za serikali ya Marekani, uligundua kwamba waanzilishi wa zile kampuni changa zilizokua kwa kasi kuliko zote, moja katika kila elfu, walikuwa na wastani wa miaka 45 walipozianzisha, ingawa picha tuliyonayo vichwani ni ya kijana wa miaka 20 aliyeacha chuo. Hiyo ni Marekani, yenye mitaji na mahakama zake; siwezi kuihamishia Kariakoo bila kusitasita. Kwa wanasayansi, watafiti walioandika katika jarida la Science mwaka 2016 walionyesha kwamba chapisho la mtu lenye athari kubwa zaidi linaweza kuwa popote katika mfululizo wa machapisho yake, la kwanza, la katikati au la mwisho, kwa uwezekano ulio sawa. Wengi huonekana kung'ara ujanani kwa sababu ujanani ndipo walipochapisha mara nyingi.

Jambo moja ambalo sijaliona likisemwa mara nyingi ni kwamba hesabu hii yote inategemea cheti cha kuzaliwa. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013 akiwa bibi kizee sana, hakuwa na mwaka wa kuzaliwa unaojulikana kwa uhakika. Watu walikadiria, wengine wakazidisha, naye hakuonekana kuhangaika. Mtu asiye na tarehe hawezi kuchelewa. Babu zetu walijua mtu ni wa mwaka wa njaa ipi au wa jando lipi, na waliofanyiwa jando pamoja walikuwa rika. Mtu alijilinganisha na rika lake, watu ambao aliwaona wakila na wakilia. Fomu za shule na za ajira ndizo zilizotupa umri wenye namba kamili, na vyombo vya habari vikatupanulia rika hadi likamjumuisha yeyote aliyewahi kuzaliwa, aliye hai na aliyekufa, mwenye ufalme na asiye nao.

Hata jina la tatizo letu lilitokana na watu mashuhuri. Yule aliyelipa umaarufu wazo la mgogoro wa umri wa makamo, Elliott Jaques, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada, aliandika makala mwaka 1965 kuhusu kifo na umri huo, na sehemu ya ushahidi wake ilikuwa maisha ya wachoraji, watunzi wa muziki, washairi na waandishi wapatao 310 ambao aliwahesabu kuwa magwiji. Aliona vifo vingi kati yao miaka ya katikati ya thelathini, na mabadiliko katika namna walivyofanya kazi baada ya hapo. Wazo hilo likashuka kutoka kwa magwiji hao hadi kwa karani na muuza duka, nasi tukaanza kujitafutia dalili. Kwa hiyo tunapojipima na magwiji tukajiona tumo katika mgogoro, tunatumia kipimo kilichokatwa kwa miili yao.

Baadaye wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walitazama takwimu za nchi nyingi, na mwaka 2008 wakaandika kwamba ridhaa ya watu na maisha yao hushuka hadi kufikia chini kabisa katikati ya miaka ya arobaini, kisha hupanda tena. Si wote wanaokubaliana nao, na takwimu za vijana wa miaka ya karibuni zimeitia picha hiyo dosari. Lakini mwaka 2012 ukatoka utafiti mwingine ambao hunichekesha kila nikiukumbuka: walezi wa sokwe na orangutani 508 katika nchi kadhaa walijaza fomu kuhusu furaha ya wanyama wao, na mchoro ukashuka vilevile katika umri wao wa makamo. Fomu zilijazwa na binadamu, na hilo ni la kuzingatia. Hata hivyo, sokwe hawajawahi kusoma habari za Mwalimu. Ikiwa kuna mteremko unaokuja na umri wenyewe, basi huenda tunaupangilia vibaya mfuatano wa mambo, tukidhani tumehuzunika kwa sababu ya kujilinganisha, ilhali huzuni ilishafika na inatafuta sababu yenye jina.

Nadhani kuna sababu nyingine inayotufanya tuchague majina makubwa. Mwaka 1954, mwaka uleule wa TANU, mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger aliandika kwamba watu hujilinganisha na wengine pale wanapokosa kipimo cha moja kwa moja, na kwamba hupendelea kujilinganisha na wale wanaofanana nao. Hoja yake inaendana na ninachokiona. Katika msiba wa mwalimu wetu wa shule ya msingi, sisi tuliosoma darasa moja tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na mmoja wetu, ambaye nilikuwa nikimsaidia hesabu za mgawanyo mrefu, aliingia na gari jeupe kubwa. Nilijua bei ya gari lile kabla hajazima injini. Mwalimu Nyerere hajawahi kuniuma namna hiyo. Kumtaja Mwalimu, au Caesar kumtaja Alexander, ni njia ya heshima ya kuusema wivu ambao anwani yake halisi iko karibu zaidi. Mtu anaweza kusema barazani kwamba hajafikia hata robo ya Nyerere na watu wakamwona mnyenyekevu, lakini hawezi kusema kwamba gari la rafiki yake limemnyima usingizi.

Ukaribu huo umepimwa pia kwenye michezo. Watafiti waliotazama picha za washindi wa Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992 walikuta kwamba waliopata shaba walionekana wenye furaha kuliko waliopata fedha. Mwenye fedha alikuwa akiitazama dhahabu iliyomponyoka; mwenye shaba alikuwa akiwatazama wasiopata kitu. Umri wa makamo umejaa watu wenye fedha: walioweza kabisa kuona jinsi mambo yangekuwa kama wangesaini karatasi ile, wasingeuza kiwanja kile, wangekubali uhamisho ule.

Je, basi hakuna ulinganisho wenye faida? Upo, ila unauliza swali lisilo na umri ndani yake. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18. Mwaka 2012, akiwa na 27, alishindwa kuingia katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, na mwaka uliofuata akahamia marathoni. Vienna, Oktoba 2019, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa kwa mazingira yaliyoandaliwa maalumu yasiyohesabiwa kuwa rekodi. Rekodi yake rasmi ya mwisho aliiweka Berlin mwaka 2022 akiwa na miaka 37. Ukiuliza "alikuwa na miaka mingapi", hupati kitu cha kufanyia kazi kesho. Ukiuliza alifanya nini mwaka 2012 baada ya kuachwa, unapata: alibaki na kocha yuleyule, Patrick Sang, akabadilisha mbio, akaendelea kuishi kambini Kaptagat akifanya usafi wa zamu kama wengine. Unapata pia bei yake, ambayo ni siku nyingi za juma mbali na mke na watoto, na hapo ndipo unapojua kama kweli unakitamani kile unachodai kukitamani. Mimi nilipoitazama bei hiyo, nilikuta kwamba mafanikio mengi niliyokuwa nikiyaonea wivu nisingeyanunua hata kama yangepunguzwa nusu. Machache yalibaki, na hayo bado yananisumbua.

Jioni ya ile sikukuu binti yangu alirudi na daftari. Alikuwa amechora safu mbili, moja ya Mwalimu na moja yangu, na alikuwa amepata dosari katika hesabu yake ya asubuhi. "Thelathini na tisa siyo haki, Baba. Wewe una arobaini na nne. Mwalimu akiwa na arobaini na nne alifanya nini?" Nilimwambia ajumlishe, akapata 1966. Azimio la Arusha lilikuja Februari 1967, Mwalimu akiwa bado na 44, lakini nilitaka nisimame Oktoba, mwezi ambao yeye mwenyewe hakuwa na Februari mkononi. Nikamweleza kwamba mwezi ule wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akakasirika, akawarudisha makwao karibu mia nne, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

"Wote mia nne?"

"Karibu wote walioandamana."

Aliandika kwenye safu ya Mwalimu: aligombana na wanafunzi. Kisha akageuka kidogo kuelekea jikoni, ambako maji yalikuwa yakiendelea kudondoka kwenye ndoo, na katika safu yangu, kwa mwandiko uleule wa kunyooka, akaandika: aligombana na fundi bomba.